Mwenyeheri Fra Angelico na Malaika Wangu Aliyefanana na Kuku



Leo nawasimulia maisha ya mtawa mmoja mchoraji, lakini naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, maana bila aibu hiyo nisingemfahamu.

Mimi nachora. Sijasomea popote. Nilianza na kalamu ya bluu kurasa za nyuma za daftari za shule, nikachapwa kwa hilo, nikaendelea. Majilio ya mwaka juzi vijana wenzangu wa parokia waliniomba nichore picha ya Malaika Gabrieli akimpasha habari Bikira Maria, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nilikesha siku tatu. Nikaipeleka nikiwa najiona nimemaliza mchezo. Jioni yake nikafungua kundi letu la WhatsApp, nikakuta mtu kamkata malaika wangu kamfanya stika, na chini kaandika kwamba kuku wa Krismasi amewahi kufika.

Nilicheka na wenzangu, si unajua tena. Ila nilipobaki peke yangu nikaitazama vizuri. Kumbe kweli. Mabawa yalikuwa yamechomoza kwenye mabega kama ya kuku aliyenyonyolewa nusu, na mikono ya Mama Maria ilikuwa na vidole vinavyofanana na ndizi. Nikaweka penseli kabatini. Nikasema basi, hiki si kipaji changu.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na ahadi. Bibi yangu, anayeishi kijijini milimani Uluguru, alikuwa ameniomba picha hiyo hiyo ya malaika na Mama Maria aiweke juu ya kitanda chake, mahali anaposalia rozari. Nilishamkubalia. Sasa kila nikienda likizo ananiuliza, na mimi namjibu kwamba angoje kwanza niwe mzuri. Likizo ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu nikakuta bibi ananisogelea usoni hadi karibu kugusana ndipo anitambue. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikajikuta nahesabu: nimechelewesha picha hadi macho ya kuitazama yanakwisha.

Nilipolisema hilo kwa sista anayetulea pale parokiani hakunipa pole nyingi. Alinipa kitabu cha picha, kizito kama tofali, akaniambia nikakae nacho wiki moja. Ndani yake ndipo nilipokutana na Fra Angelico.

Guido, kijana wa Mugello

Jina lake la nyumbani lilikuwa Guido di Pietro, yaani Guido mwana wa Pietro. Alizaliwa karibu na mwaka 1395, jirani na mji mdogo wa Vicchio, katika bonde la Mugello, kaskazini mwa jiji la Florence, Italia. Mwaka 1417 tunamkuta Florence akijiunga na chama cha kitume cha walei, na tayari anaandikwa kuwa mchoraji. Kwa hiyo, wenzangu, hakuanza kuchora akiwa mtawa. Alikuwa fundi kwanza, kijana wa mjini mwenye kazi ya mikono.

Na kazi hiyo ilifundishwaje? Kuna mchoraji wa Florence aitwaye Cennino Cennini, aliyeandika karibu na mwaka 1400 kitabu cha kuelekeza vijana wa karakana. Nilipoambiwa yaliyomo nilinyamaza. Anayeanza anapewa ubao mdogo. Anachukua mifupa ya kuku, ya mapaja na ya mabawa, anaichoma motoni mpaka iwe nyeupe kuliko majivu, anaisaga laini kabisa, anaichanganya na mate yake na kuipaka kwenye ubao. Kisha anachora juu yake kwa kijiti chenye ncha ya fedha. Akimaliza anafuta, anapaka tena, anachora tena. Mwaka mzima kwenye kaubao hako! Baadaye anakaa karakanani miaka sita akisaga rangi, akipika gundi na kuandaa mbao za picha. Halafu miaka sita mingine ya kujifunza kupaka rangi na kuchora ukutani. Na wakati wote huo asiache kuchora, iwe sikukuu, iwe siku ya kazi.

Jumlisha mwenyewe. Ni miaka 13. Mimi nilikuwa nimejaribu malaika mmoja, mara moja, kwa siku tatu, nikahitimisha kwamba Mungu hakunipa kipaji. Na hapo nikajicheka mwenyewe: wenzangu walianza na mifupa ya kuku, mimi nimekata tamaa kwa sababu ya kuku!

Anaingia utawani na penseli yake

Kufikia mwaka 1423 Guido alishakuwa mtawa. Aliingia kwa Wadominikani, Shirika la Wahubiri, katika nyumba ya Mtakatifu Dominiko huko Fiesole, kijilima kinachoitazama Florence kutoka juu. Alipokea jina jipya, Ndugu Yohane. Jina la Angelico, yaani wa kimalaika, watu walimpa baadaye, na yeye mwenyewe hakulitumia. Alikuwa na ndugu yake wa damu, Benedetto, naye Mdominikani katika nyumba hiyo hiyo, mwandishi wa vitabu vya ibada kwa mkono. Mmoja anaandika, mwingine anachora. Nadhani mama yao alikuwa na raha.

Wapo wanaofikiri kwamba ukiingia utawani unaacha kipaji mlangoni. Wadominikani hawakumwambia Yohane aache. Walimpa kazi nyingi zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba fedha haikuwa yake tena. Malipo ya picha yaliingia katika nyumba ya watawa.

Kuna mkataba wa mwaka 1433 ambao naupenda sana. Chama cha wafanyabiashara wa kitani cha Florence kilimwagiza picha kubwa ya Bikira Maria na Mtoto Yesu. Ile picha ina malaika 12 wanaopiga vyombo vya muziki pembezoni. Hata wewe huenda umeshawaona kwenye kadi za Krismasi bila kujua mchoraji ni nani. Bei iliyoandikwa ilikuwa sarafu 190 za dhahabu, au pungufu yake kadiri dhamiri ya Ndugu Yohane itakavyomwongoza. Fikiria tajiri anakuandikia mkataba namna hiyo! Walijua wanashughulika na mtu wa aina gani.

Alijifunza kwa aliyekuwa mdogo kwake

Hapa ndipo pananigusa zaidi. Picha za mwanzo za Ndugu Yohane ni za mtindo wa zamani: dhahabu nyingi nyuma, watu warefu wembamba, kila kitu kinang'aa lakini miguu haikanyagi ardhi. Zilikuwa picha nzuri, na watu walizipenda. Angeweza kubaki hapo mpaka kufa na asilaumiwe.

Lakini katika miaka ya 1420 akatokea Florence kijana anayeitwa Masaccio. Alizaliwa mwaka 1401, mdogo kwa Ndugu Yohane kwa miaka sita hivi. Huyu alichora katika kanisa la Wakarmeli watu wenye uzito, wenye kivuli, wanaosimama kama unavyosimama wewe. Masaccio alifariki mwaka 1428 hivi, hajafikisha hata miaka 30. Kanisa lile likageuka shule. Wachoraji walikwenda kukaa mbele ya kuta zile na kunakili, na Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, anamtaja Ndugu Yohane kati yao.

Yaani mtawa mwenye jina, ambaye picha zake ziko altareni, anajifunza kwa kijana. Na ukiweka picha zake kwa mfuatano wa miaka unaona: sura zinapata mashavu, nguo zinaangukia magoti halisi, nyumba zinapata kina mpaka unaona unaweza kuingia. Aliupokea upya ule bila kutupa mwanga wake wa zamani.

Hebu tuulizane bila kuoneana haya. Ni lini mara ya mwisho ulimwomba mdogo wako akufundishe kitu?

Habari njema ileile, mara kwa mara

Sasa nije kwa malaika. Nilipokuwa napekua kile kitabu niligundua kwamba Ndugu Yohane hakuchora Kupashwa Habari mara moja. Alirudia na kurudia, karibu miaka 30.

Ile ya miaka ya 1420, aliyoichorea nyumba yake ya Fiesole, leo iko Madrid, Hispania, katika jumba la makumbusho la Prado. Ina kila kitu. Kuna dhahabu, kuna buluu ya bei mbaya, mwale wa mwanga unashuka kutoka juu ukiwa na njiwa, mbayuwayu ametua juu ya nguzo, na kushoto Adamu na Eva wanafukuzwa bustanini. Unaweza kukaa mbele yake saa nzima na bado kuna ua hujaliona.

Halafu kuna nyingine ya mji wa Cortona, ya miaka ya 1430. Adamu na Eva bado wapo, ila wamesogezwa mbali juu ya kilima, wadogo kabisa.

Halafu inakuja kazi kubwa ya maisha yake. Kuanzia karibu mwaka 1438 alichora katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Marko, pale Florence, iliyokuwa ikijengwa upya kwa gharama za tajiri Cosimo de' Medici. Ghorofani kulikuwa na vyumba vidogo zaidi ya 40 vya watawa kulala na kusali. Kila chumba kikapata picha yake ukutani, kando ya dirisha. Alikuwa na wasaidizi, maana mtu mmoja hawezi, lakini mpango na roho vilikuwa vyake.

Na uelewe zile si picha za karatasi. Zimechorwa kwenye lipu mbichi ya chokaa. Fundi anapaka lipu sehemu anayoweza kuimaliza siku hiyo tu. Rangi inaingia lipu ikiwa mbichi, na ikikauka vinakuwa kitu kimoja. Hakuna raba. Ukikosea, unabomoa lipu uanze upya, au upake juu ya lipu kavu na baadaye ibanduke. Chini ya lipu ile ya mwisho mara nyingi kulikuwa na mchoro wa kwanza wa rangi nyekundu ya udongo. Fundi aliuchora, kisha akaufunika kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya kujifunza ilizikwa ukutani, na watu wakaona ya juu tu.

Ukipanda ngazi kwenda vyumbani, mbele yako unakutana na Kupashwa Habari. Mama Maria ameketi kwenye kigoda cha mbao. Nyuma kuna bustani yenye uzio. Adamu na Eva hawapo kabisa. Chini kuna maandishi yanayomkumbusha apitaye hapo asisahau kumsalimu Maria. Watawa walipita hapo kila siku, wakienda na kurudi.

Kisha ingia chumba cha tatu. Hapo Kupashwa Habari imebaki na nini? Ukuta mtupu. Malaika amesimama. Maria amepiga magoti, mwembamba, katika nguo ya waridi iliyofifia. Hata ile buluu ya bei mbaya hana. Pembeni Mtakatifu Petro wa Verona, mfiadini Mdominikani, anasali kimya. Hakuna mbayuwayu, bustani wala dhahabu ya kutisha. Kuna mwanga tu, na ukimya.

Picha ile ilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja, mtawa aliyelala chumba kile. Hakukuwa na umati wa kuisifu wala wa kuicheka. Mtu mmoja anaamka usiku kusali, anainua macho, basi.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimeshamwona bibi.

Roma, na mwisho wake

Papa Eujeni IV alikuwepo kanisa la Mtakatifu Marko lilipowekwa wakfu, Sikukuu ya Epifania mwaka 1443. Miaka miwili hivi baadaye mtawa wetu aliitwa Roma. Kwa Papa Nikola V alichora ndani ya Vatikano kikanisa kidogo chenye maisha ya mashemasi wawili, Stefano na Laurenti. Nenda utafute picha ya Mtakatifu Laurenti akigawa sadaka. Maskini wamemzunguka: kipofu, kilema, mama na mtoto. Kila mmoja ana uso wake mwenyewe. Mchoraji aliyejifunza kutazama watu hawezi kuchora maskini kama kundi tu.

Inasimuliwa kwamba Papa alitaka kumfanya Askofu Mkuu wa Florence, naye akaomba apewe mwingine anayefaa zaidi, ndugu yake Mdominikani Antonino. Antonino kweli alikuwa Askofu Mkuu mwaka 1446, na leo ni Mtakatifu. Ndugu Yohane yeye alirudi Fiesole kuwa mkuu wa nyumba ile ile aliyoingilia utawa, kuanzia 1450 hadi 1452. Na katika miaka hiyo, akiwa mzee, alipoagizwa paneli za maisha ya Yesu kwa kanisa moja la Florence, unadhani mojawapo ilikuwa nini? Kupashwa Habari, tena!

Alifariki Roma tarehe 18 Februari 1455. Kaburi lake liko katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II aliruhusu aheshimiwe rasmi kama Mwenyeheri, na mwaka 1984 akamtangaza kuwa msimamizi wa wasanii. Kumbukumbu yake ni tarehe 18 Februari.

Tunajifunza nini?

Vasari, aliyeandika karibu miaka 100 baada ya kifo chake, anasimulia kwamba Ndugu Yohane hakushika brashi bila kusali kwanza, kwamba alitokwa machozi kila alipomchora Msulubiwa, na kwamba hakurekebisha picha zake akiamini ndivyo Mungu alivyotaka. Masimulizi haya ni matamu, ila sisi vijana tunaweza kuyageuza kisingizio. Tunasali dakika mbili, tunachora dakika kumi, kikitoka kibaya tunasema Mungu hakupenda. Hapana, mwenzangu. Mkono usiorekebisha kwenye lipu mbichi ni mkono uliofuta ubao wa mifupa mara elfu. Sala haikumpunguzia mazoezi. Ilimpa sababu ya kurudi kwenye mazoezi kesho yake, hata siku ambayo hakuna anayesifu.

Jambo la pili: kukua si lazima kuwe kuongeza. Mimi nilidhani nikiwa mzuri nitaweza kuchora manyoya yote ya bawa. Yeye alipokuwa mzuri alijua kipi akiache.

La tatu ni hili la kuchelewesha. Kusema ngoja kwanza niwe mzuri kunasikika kama unyenyekevu. Kwangu ilikuwa kiburi. Niliogopa kuchekwa tena, na bibi ndiye aliyelipa.

Picha ya bibi

Nilianza upya. Kila siku nusu saa, baada ya sala ya jioni. Mwezi mzima nilichora mikono tu: ya mama akipepeta mchele, ya kondakta akihesabu chenji, ya kwangu kwenye kioo. Niliwatazama kuku wa jirani kwa heshima, nikaelewa bawa linavyokunjika. Ile stika sikuifuta. Iko bado kwenye simu, nikiiona nacheka kweli sasa.

Likizo iliyopita nilikwenda kijijini. Mistari myembamba bibi asingeiona. Kwa hiyo nikachukua kalenda ya zamani, nikaigeuza nyuma palipo peupe, nikaokota mkaa jikoni. Nikachora wawili tu, wakubwa, kwa mistari minene: mmoja amesimama, mmoja amepiga magoti. Katikati yao nikaacha peupe.

Si picha nzuri. Mkono wa kushoto wa Mama Maria bado una matatizo. Bibi aliisogelea kama anavyonisogelea mimi, akaifuata kwa kidole bila kuigusa, akauliza kama huyu aliyepiga magoti ndiye Mama. Nikasema ndiye. Akaniambia niipigilie msumari chini kidogo, usawa wa uso wake anapokaa kitandani. Jioni ile tulisali rozari tukiitazama. Ilikuwa siku ya matendo ya furaha, na unajua tendo la kwanza ni lipi.

Bibi yuko kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Naomba mumkumbuke katika sala. Akiona vizuri ataona na yale makosa yangu yote, nami nitakuwa na kazi ya kuchora nyingine. Sawa tu.

Zoezi la wiki hii

1. Soma Luka 1:26-38 taratibu, mara tatu, siku tatu tofauti.
2. Chukua kipaji kimoja ulichokiweka kabatini: kinanda, uimbaji, kushona, kuandika, chochote. Kipe nusu saa kila siku kwa siku saba, bila kumwonyesha mtu.
3. Mkumbuke mtu mmoja uliyemwahidi kitu. Mpelekee wiki hii hii, hata kama bado si kizuri unavyotaka.

Tusali

Ee Mungu Baba, ulimpa Ndugu Yohane macho ya kuuona uzuri wako na subira ya kuutafuta kila siku. Utujalie sisi vijana tusizike tulichopewa kwa hofu ya kuchekwa. Ubariki mikono yetu inayokosea, na uwakumbuke wote wanaopoteza nuru ya macho. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Yohane wa Fiesole, utuombee!